Kizibo Changu Hakivuji

Mwaka 1950, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba yangu alifariki nikaanza kuwabebea watu maji. Leo, mwaka 1993, maji yamenibeba mimi.

Nimevuliwa nguo, ndugu zangu. Mchana kweupe! Mbele ya kijiji kizima cha watu wa mbali, watoto kwa vikongwe, na padri wao kasimama mstari wa mbele. Naandika nimejifunga blanketi kama mgonjwa wa homa, maana suti yangu inaning'inia dirishani, inachuruzika. (Ile ya mtumba niliyoinunua mnadani Masasi, mkanisifu wote. Huenda ilitoka huku huku. Basi imerudi kwao kuniaibisha.)

Athumani, wewe ndiye mwenye macho ya kusoma, utawasomea wenzako hapo kijiweni Mkunya. Soma polepole. Kabla hujaanza, tazama huku na huku kama Mama Somoe hapiti. Akipita, kunja barua, zungumzeni habari za korosho. Najua mpaka barua ifike, hii "leo" yangu itakuwa ya zamani. Haidhuru. Aibu haiozi njiani.

Mnajua nilikotoka. Shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza. Nilibeba maji kwa mzegazega, debe mbele debe nyuma, kutoka bondeni hadi juu kwetu, na wanawake niliokutana nao njiani walinipigia vigelegele: "Mwali huyo! Ataolewa na nani?" Nikapanda mlima. Mjomba akanihurumia, akanipa tezo. Nikachonga miko, nikachonga mipini ya majembe, nikachonga vinyago. Ikaja miaka ya kukosa sabuni, sukari, hata kiberiti, nikachonga. Ikaja ruksa, maduka yakajaa, mitumba ikateremshwa Masasi kwa marobota, wageni wakawa wanasimamisha magari Nanganga na kununua bila mtu kuwauliza wanatafuta nini, nikachonga zaidi. Hakuna aliyenishika mkono. Nimejishika mwenyewe.

Ndipo akapita Mama Pilar. Mnamkumbuka, yule muuguzi Mhispania, mrefu, aliyekaa huko kusini miaka mingi akitibu watu, anayetoa shikamoo mpaka kwa mbuzi mzee. Alikuwa anarudi kwao moja kwa moja. Akaniambia kijijini kwao kuna sanamu ya jiwe, mchungaji wa kondoo, imemomonyoka pua na masikio, na wenyeji wanataka mpya, ya mti. Nauli juu yao. Nije nikae wiki moja, niwaonyeshe mikono yangu. Wakiipenda, siku ya sikukuu yao watatangaza kazi ni yangu.

Na hiyo kazi, jamani, ilikuwa ni kisima. Nyinyi mashahidi. Siku ile naondoka mlikuwepo mlangoni kwangu, Mama Somoe akaweka ndoo chini akasema mbele yenu: "Baba Somoe, miaka thelathini nateremka lile bonde. Goti langu la kushoto limekufa. Bati unalo, gata unazo, kisima cha kukinga mvua huna. Ukirudi bila kisima, kaoe kinyago."

Mkacheka. Nikajibu kwa kiburi: "Mimi nikisema nimesema."

Basi hapo ndipo pa kuanzia.

Kijiji chenyewe jina lake refu, ulimi wangu unalikataa. Mimi nakiita Mawe. Kila kitu mawe! Nyumba mawe, njia mawe, ukuta wa shamba mawe, na ndani ya shamba mawe tena. Kimepachikwa kwenye mteremko kama kunguru kwenye paa. Juu kuna vilima vikavu, kondoo na kengele shingoni. Pembeni kuna miti kwa mistari kama mikorosho yetu, ila mifupi, minyonge, majani yake rangi ya majivu. Wakanipa matunda yake nikadhani zambarau. Nikatafuna. Machungu kama dawa ya malaria! (Nikameza. Mgeni hatemi.) Chini ya kijiji kuna bustani za mboga, zimegawanywa kwa mifereji membamba, na kila mwenye bustani ana zamu yake ya maji.

Nilidhani Ulaya yote ni ghorofa. Kumbe kuna watu wana punda mmoja kijiji kizima. Vijana wote wamekwenda mijini kutafuta kazi, wamebaki wazee na wajukuu wachache; wazee wanavaa nyeusi, wanakaa mlangoni wanachambua maharage. Nikajiambia: hawa ni wenzetu kabisa. Siku ya kwanza nikawagawia korosho nilizobeba, wakazila na maganda ya ndani, nikaona aibu kwa niaba yao. (Ningejua aibu yangu iko njiani!)

Lakini kuna kitu kimoja kilinitoa usingizi.

Katikati ya Mawe kuna uwanja mdogo, na kwenye uwanja kuna ukuta, na kwenye ukuta kuna bomba la chuma, nene kama kifundo cha mkono wangu. Linatoa maji. Linatoa maji asubuhi. Linatoa maji mchana. Hakuna aliyeweka ndoo! Maji safi, baridi, yanaanguka kwenye hori la jiwe, yanajaa, yanamwagika, yanakwenda zake. Nikatafuta koki ya kulifungia. Hamna. Nikatazama juu, nikatazama chini, nikapapasa nyuma ya ukuta. Hamna koki!

Siku ya kwanza nikadhani mtoto kasahau kufunga na koki imeng'oka. Siku ya pili nikasema fundi atakuja. Siku ya tatu nikamshika mwenyekiti wa kijiji, Anselmo, mzee mwenye tumbo na fimbo, nikamwonyesha kwa kidole maji yale, nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Akacheka, akakinga kiganja, akanywa, akanipa na mimi ninywe. Nikanywa. Maji yakanipita kooni yakinichoma moyo. Yale niliyomwaga kwa kunywa na kiganja tu, kwetu mtu angeogea.

Nyinyi mnanielewa. Nani kati yetu hakulelewa na bakora ya maji? Ya kunawia uso yananawia miguu, ya miguu yanapelekwa kwenye mche wa mpapai. Mgeni akija, kabla ya kiti anaulizwa kama anataka maji, na akiyakubali mwenye nyumba anatabasamu huku moyo unahesabu. Nilale vipi mimi, chumba chenyewe dirisha linatazama bomba? Usiku kucha shwaaa, shwaaa. Nikifumba macho namwona Mama Somoe anapanda mlima, ndoo kichwani, goti linamkatalia. Shwaaa. Nikayahesabu kwa ndoo. Nikafika ndoo elfu nikalia, mimi mtu mzima.

Sasa leo. Sikukuu.

Wamekula mchana, wakafunga milango yote, wakalala. Ndiyo desturi yao: saa nane mchana mtu mzima na afya zake anapanda kitandani kama ana homa. Kijiji kimya. Hata punda kalala. Mama Pilar mwenyewe kalala. Mimi niko dirishani. Bomba linaniambia shwaaa.

Nikasema: basi. Hawa ni wazee, vijana wao hawapo, hawana fundi. Na leo ndiyo siku wanayoamua kama fundi ni mimi. Nitawafanyia jambo kabla hawajaniomba. Wakiamka watakuta kazi imekwisha, na watajua wamempata mtu.

(Hapa, Athumani, pumzika kidogo. Najua wamekwisha anza kucheka.)

Nikachukua tezo na patasi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na gogo la kuni, mti mgumu, mkavu kwelikweli, umeota jua miaka. Nikaupima kwa kidole mdomo wa bomba. Nikachonga kizibo. Na mnanijua, mimi siwezi kuacha mti bila uso. Kichwani mwa kizibo nikachonga uso wa mzee, mashavu yamejaa, midomo kaifumba, kidevuni chale zetu za kwetu. Alikuwa anazuia maji na mdomo! Nilijifurahisha mwenyewe. Shingo nikaiacha nyembamba ili mtu apate pa kushika.

Nikakipachika. Maji yakanirukia usoni, nikasukuma. Nikapiga kwa jiwe. Mara moja, mara mbili, mara ya tatu. Yakapiga kelele kidogo pembeni, fiii, yakanyamaza.

Kimya.

Ndugu zangu, sijawahi kusikia kimya kitamu vile. Nikaweka sikio. Nikapitisha kidole pande zote. Kukavu! Hata tone. Nikakisemesha kile kizibo, nikakiambia, "Kizibo changu hakivuji." Nikarudi chumbani, nikavua shati lililolowa, nikalala usingizi wa kwanza tangu nishuke kwenye ndege.

Kilichoniamsha ni makelele.

Saa kumi. Nikakurupuka, nikavaa suti nzima, na tai (nikijua leo kuna kutangazwa). Nikatoka. Chini kwenye bustani nikawaona wazee wawili, mmoja kibyongo, mwingine ana kofia kubwa ya majani. Kila mmoja ana jembe. Wanaruka, wanazungushana, wanainua majembe juu, wanapiga kelele kwa zamu, na watu wamesimama pembeni. Nikasema, kumbe wana ngoma hawa! Hawakunieleza!

Nikapiga makofi. Nikafuatisha mdundo. Nikawatia na sauti: "Eee! Eee! Haya!"

(Baadaye nikaambiwa: leo ilikuwa zamu ya Kibyongo, mfereji ukakauka, akaamini Kofia kamwibia maji. Kofia alipotazama, na kwake kukavu, akaamini ni Kibyongo. Ni mashemeji hao, na ugomvi wa mfereji wameurithi kwa baba zao. Walikuwa wanataka kuuana. Mimi nawapigia makofi.)

Watu wakanigeukia wakinitazama ajabu. Nikadhani wanasifu suti.

Hapo akatokea Anselmo, mwenyekiti, anahema, fimbo mkononi. Watu wote wakamfuata mpaka uwanjani, kwenye bomba. Akasimama. Akakiona kizibo. Akainama, akautazama ule uso wenye mashavu, akaugusa pua. Akageuka kwa watu, akanyoosha fimbo kwenye bomba, akauliza jambo kwa sauti kubwa.

Lugha siijui. Lakini mimi nimekaa mikutano ya kijiji miaka mingi. Mwenyekiti akisimama mbele ya kazi iliyokwisha, akainyooshea fimbo, akauliza watu wote kwa sauti, anauliza nini? Anauliza ni nani, apigiwe makofi.

Watu kimya. Hakuna anayejitokeza. Nikaona watu hawa wana haya.

Nikainua mkono. "Mimi!"

Wakanitazama. Nikasogea, nikapanda juu ya ukingo wa hori, nikarekebisha tai. Nikajipiga kifua. "Mimi, Baba Somoe, wa Mkunya, Newala! Peke yangu! Bila msaidizi!"

Anselmo akashika fimbo kwa mikono miwili.

"Msinishukuru," nikawaambia kwa Kiswahili, nikipunga mkono kama mbunge. "Nimeona maji yenu yanapotea. Siku nne! Kwetu mtu hawezi kulala. Tazameni!" Nikapitisha kiganja chini ya bomba, nikawaonyesha kiganja kikavu. "Kizibo changu hakivuji!"

Padri akafanya msalaba. Nikamwitikia kwa kuinama.

Basi niko pale juu, nimesimama kama sanamu niliyokuja kuichonga, ndipo nikaona kitu cha mviringo kinateremka kwenye njia ya mawe. Kinaelea. Kikapita miguuni mwa padri. Mkate. Nyuma yake mwingine. Nyuma yake mitatu inafuatana kama bata.

Juu ya uwanja ndipo ilipo nyumba ya tanuri, tanuri la kijiji kizima, na humo Bi Fermina na wanawake wenzake walikuwa wanaoka mikate ya sikukuu. Maji yangu, yalipokosa mlango huku, yamerudi nyuma yakatafuta mlango mwingine. Yameupata: sakafu ya Bi Fermina. Moto umezima, unga umekuwa uji, mikate imeanza safari.

Bi Fermina mwenyewe akatokea, bibi wa miaka themanini, kakunja sketi mpaka magotini, kashika mwiko mkubwa wa tanuri. Nyuma yake Mama Pilar, unga mpaka kwenye nyusi. Bi Fermina akasema neno moja. Sikulijua, lakini nililielewa.

"Baba Somoe," Mama Pilar akasema, kwa sauti ya chini ile ya muuguzi anayekuletea majibu mabaya. "Shuka hapo."

"Mwenyekiti ananishukuru."

"Hakushukuru. Ameuliza ni mwendawazimu gani ameziba bomba."

Jamani.

Ardhi haikupasuka. Niliingoja. Huku ni mawe matupu, haiwezi.

"Hiyo ni chemchemi, nang'olo," akasema, akiniita mzee kwa Kimakonde chetu. "Inatoka mlimani yenyewe. Haina koki. Haijawahi kufungwa tangu bibi yake Fermina hajazaliwa. Yanayomwagika hapo ndiyo yanayomwagilia bustani zote. Hayapotei hata tone."

Hayapotei hata tone! Na mimi nimelia usiku kucha!

Nikaruka chini, nikamwambia usijali, kilichotiwa na mkono wangu kitatolewa na mkono wangu. Nikashika shingo ya kizibo, nikavuta. Kimya. Nikaweka mguu ukutani, nikavuta na mguu. Kimya. Hapo nikakumbuka kitu ambacho mtoto wa wiki ya kwanza katika uchongaji anakijua: mti mkavu ukiloweshwa unavimba. Nami nilichagua mkavu kuliko yote! Kimevimba mle ndani kama mkaidi. Ule uso ukinitazama, mashavu yamejaa, kama unajizuia kunicheka.

Kibyongo akaja kuvuta. Kofia akaja kumvuta Kibyongo. (Majembe wameyaweka chini, wamepata adui mmoja.) Hakuna kitu. Nikaomba tezo nikipasue, Anselmo akanizuia, bomba ni la zamani, litavunjika. Mwisho wakamleta punda.

Wakafunga kamba kwenye shingo ya kinyago changu, upande wa pili wakamfunga punda. Mimi nikasimama mbele ya bomba, naongoza, kwa kuwa fundi ni mimi. "Taratibu! Taratibu!" Punda hakuelewa Kiswahili. Bi Fermina akampiga na mwiko wa tanuri.

Pwaaa!

Kizibo kilikata kamba, kikapita sikioni kwangu kikilia kama risasi, kikaenda kutoboa ngoma kubwa ya bendi yao ya sikukuu, du! Mzee wa ngoma akakaa chini. Nami sikupata nafasi ya kucheka, maana maji ya saa mbili nzima, yaliyofungiwa na kukasirika, yakanipiga kifuani. Miguu ikaiacha ardhi. Nikatua kwenye hori. Chali. Na suti, na tai, na kalamu mfukoni.

Nikaibuka nikitema. Kijiji kizima kimezunguka hori kinanitazama. Punda akaja, akainamisha kichwa, akaanza kunywa maji pembeni ya bega langu, hana haraka. Kisima cha Mama Somoe nikakiona kinafukiwa kwa macho yangu.

"Wanauliza kwa nini," Mama Pilar akasema.

Nikajibu nikiwa humo humo kwenye hori. Nini tena cha kuficha? Nikasema kwetu mlima hauna maji. Mke wangu anatoka jogoo wa kwanza, anateremka bondeni, anapanga foleni kwenye kidimbwi, anarudi jua liko utosini. Ndoo moja. Goti la kushoto limekufa. Nikasema nilikuwa nasikia maji yanamwagika na namwona yeye. Nikasema nilianza kubeba maji nikiwa na miaka kumi na mmoja, na leo nina hamsini na nne, na kwa miaka yote hiyo sijapata kuona maji ambayo hayana mtu anayeyasubiri. Nikasema samahani kwa mikate.

Mama Pilar akatafsiri polepole. Katikati akajipangusa unga kwenye nyusi.

Bi Fermina akashusha mwiko. Akaniuliza kitu. "Anauliza ndoo ni kubwa kiasi gani." Nikamwonyesha kwa mikono. Akashika kichwa chake juu, pale utosini, akatikisa. Ndiyo, nikamwambia, hapo hapo.

Kibyongo ndiye aliyeanza. Akasema maneno, na uwanja mzima ukalipuka. Walicheka mpaka wengine wakashika kuta. Mama Pilar hakutaka kunitafsiria, nikamlazimisha. "Anasema: miaka arobaini nataka kumfungia shemeji yangu maji nimeshindwa, mgeni huyu kafanya kwa siku nne!"

Kofia naye akacheka. Padri akacheka. Mzee wa ngoma, ngoma imetoboka, akacheka. Punda peke yake ndiye aliyenistahi.

Wakanivuta kutoka horini. Wakala sikukuu yao bila mkate, nyama kavu kavu, kila anayetafuna akinitupia jicho. Mimi nimekaa pembeni, nimeazimwa suruali ya Anselmo, ningeingia mimi wawili. Nikaanza kupanga namna ya kumwoa kinyago.

Jua linakaribia kuzama, Anselmo akasimama. Akazungumza. Mama Pilar akaniinamia sikioni.

"Anasema sanamu ya mchungaji hawaitaki tena."

Nikainamisha kichwa. "Mwambie naelewa. Kesho nitaondoka."

"Ngoja. Anasema mchungaji alikuwa hapo miaka mia mbili na hajamchekesha mtu. Wanataka mzee. Amevaa suti. Ameshika kizibo. Ameinua mkono hivi, kama alivyoinua leo."

Mimi!

"Sichongi!" nikasema. "Mimi ni mtu mzima! Nina wajukuu! Mwambie nitachonga mchungaji, nitachonga padri, nitachonga punda. Mimi sijichongi!"

Akatafsiri. Anselmo akanyanyua mabega. "Anasema basi hakuna kazi."

Nikakaa. Na nyinyi mnajua nilichokumbuka, kwa sababu baadhi yenu nimewafanyia. Maisha yangu yote nimekula kwa kuchonga aibu za watu. Karani wa kodi na tumbo lake. Mlevi wa uraka kalala na mbwa. Mzungu na kamera tatu. Wewe Athumani na masikio yako, kinyago hicho kilinunuliwa Nanganga siku ile ile (sikukwambia, samahani, ila usiruke kusoma hapa). Hakuna hata mmoja niliyemwomba ruhusa. Nikafikiria na lile goti.

"Mwambie nataka mti mzuri," nikasema. "Na pua nitaichonga mwenyewe ninavyotaka."

Wakapiga makofi. Haya yalikuwa makofi ya kweli, nimehakikisha, nilimuuliza Mama Pilar kwanza.

Kwa hiyo nabaki miezi miwili. Nitajichonga kwa mikono yangu, nimepanda ukingo wa hori, mkono juu, mdomo wazi. Nitasimama pale mpaka wajukuu wa wajukuu wao. Watoto wakiniona sasa hivi wanaingiza kidole shavuni wanakichomoa: po! Bi Fermina amepita dirishani kunirudishia shati langu alilolikausha; naye: po! Miaka themanini!

Mama Somoe mwambieni hivi tu: kazi nimepata, kisima kipo, aanze kutafuta mchanga. Namna nilivyoipata ni siri ya wanaume.

Leo, jioni hii, nilichonacho ni hiki. Nyumba moja ya bati Mkunya. Mikorosho sitini na mbili. Baiskeli moja, redio moja. Tezo mbili, patasi nne, nyundo ya mti. Mke mmoja mwenye goti moja zima. Suti moja, mbichi. Kazi moja. Kisima kimoja, bado hakijachimbwa. Kizibo kilikuwa changu lakini kimeshachukuliwa. Wamekipigilia msumari kwenye ukuta wa tanuri, na chini yake wameandika jina langu lote, na bahati mbaya hawakukosea hata herufi.

Msinicheke. Atakayecheka, Athumani amwandike jina nyuma ya barua hii na airudishe kwa posta. Nikirudi namchonga.